Je, Mwili wa Binadamu Bado Unabadilika? Damu Yako Ina Jibu



Vijana wetu wamekuwa wakiniuliza swali moja: "Pasta, shuleni tunafunzwa kwamba binadamu bado anabadilika hata leo. Sisi tuliookoka tuseme nini?" Najua wengi wenu mngependa niseme ni uongo, tufunge mjadala na tuimbe pambio. Lakini kijana anayeuliza kwa moyo safi anastahili jibu safi. Kwa hivyo leo nivumilie, usome hadi mwisho, kwa sababu swali hili linagusa nyumba nyingi za kanisa letu kuliko unavyodhani.

Kwanza nikutoe hofu. Mimi naamini Mungu ndiye aliyetuumba. Zaburi ya 139 inanifundisha kwamba alinijua nikiwa bado tumboni mwa mama yangu, na hakuna darasa litakaloniondolea hilo. Lakini kujua nani aliyeumba ni jambo moja, na kutazama yale yanayotokea katika miili ya watu kizazi baada ya kizazi ni jambo lingine. Hilo la pili linaweza kupimwa. Na likipimwa, jibu ni ndiyo: binadamu bado anabadilika.

Usiniulize kwa nini tumbili wa Karura hajawa mtu. Hakuna mwanasayansi makini anayesema tumbili wa leo atageuka mtu kesho. Na wewe hutalala ukiwa hivi uamke ukiwa vile. Kinachobadilika ni hesabu. Kila mtoto hurithi maagizo ya mwili wake kutoka kwa baba na mama. Mara chache agizo moja hubadilika kidogo. Kama badiliko hilo linawasaidia watoto kuishi hadi nao wazae, kizazi kinachofuata kitakuwa na watu wengi zaidi walio nalo. Likiwaua mapema, litapungua. Mfugaji yeyote anaelewa jambo hili. Ng'ombe wasiohimili kiangazi hufa, wanaohimili ndio huzaa, na baada ya miaka mingi boma linakuwa na mifugo tofauti na ile ya babu.

Chukua maziwa. Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa mabichi tumbo huvuruga, kwa sababu uwezo wa kuyasaga hupungua baada ya utotoni. Lakini katika jamii zetu za wafugaji, wengi hubaki na uwezo huo maisha yao yote. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza watu wa Kenya, Tanzania na Sudan walieleza kwamba mabadiliko yanayowapa wafugaji wa hapa uwezo huo ni tofauti na lile la watu wa Ulaya. Ufugaji ni jambo la miaka elfu chache tu. Maana yake, mwili ulibadilika watu wakiwa tayari wanachunga ng'ombe.

Lakini maziwa hayajavunja ndoa ya mtu. Sasa nije kwa lile lililonifanya niandike.

Kulikuwa na daktari mmoja, Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Akaona jambo la ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, watu wengi walikuwa na alama ya sikoseli katika damu, mahali pengine zaidi ya mtu 1 kati ya 5. Nyanda za juu palipo baridi, karibu hakuna. Akajiuliza: ugonjwa unaoua watoto, kwa nini haujaisha wenyewe? Na kwa nini umejaa pale pale palipo na mbu? Mwaka 1954 akachapisha jibu. Mtu aliyerithi agizo la sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi umethibitisha hilo.

Sikiza vizuri hapa. Ukirithi la kawaida kutoka kwa baba na mama, wewe ni AA. Ukirithi la kawaida moja na la sikoseli moja, wewe ni AS. AS kwa kawaida si mgonjwa. Anaenda shamba, anacheza mpira, anaimba kwaya, wala hajui lolote. Zamani, malaria ilipopita kijijini, mtoto wa AS alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai kuliko mwenzake wa AA. Ndiyo maana alama hii iliongezeka kizazi baada ya kizazi kando ya ziwa na kando ya bahari. Lakini mtoto akirithi la sikoseli kutoka pande zote mbili, anakuwa SS. Chembe zake za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu yake hayaelezeki.

Na hadithi hii haijaisha. Pale malaria inapoondoka, faida ya kuwa AS inaondoka nayo, na hasara inabaki, kwa hivyo polepole alama itaelekea kupungua. Pale matibabu yanapofika, watoto wa SS ambao zamani wangekufa wanakua, wanaoa na kuolewa, wanapata watoto. Neti unayolala ndani yake na dawa unayompa mtoto wako ni sehemu ya mambo yanayoamua damu ya wajukuu itakuwaje. Haya ndiyo mabadiliko ya leo, na yanatokea Homa Bay, Busia, Kilifi na Kwale.

Sasa wewe uliyeokoka, hili linakuhusu vipi?

Linakuhusu kwa sababu katika nyumba nyingi mtoto wa SS akianza kulia usiku, vidole vimevimba, familia haisemi "ni damu." Inasema amerogwa. Inasema ni laana ya ukoo wa mama. Nimeketi na akina mama waliofukuzwa kwa sababu ya mtoto mgonjwa, na baba wa mtoto yuko nyumbani akitafuta mke mwingine. Ndugu yangu, mtoto hawezi kuwa SS bila wewe. Nusu ya ugonjwa huo ulimpa wewe. Ukimfukuza mkeo ukaoa mwingine aliye AS, utarudi pale pale.

Soma Yohana 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliwakatalia yote mawili. Lakini sisi miaka elfu mbili baadaye bado tunauliza swali lile lile, tena kwa maikrofoni. Mhubiri anayemwambia mama wa mtoto wa SS kwamba ukoo wake una laana anamwongezea msalaba ambao Bwana mwenyewe alikataa kumtwika kipofu yule. Alama hii haikuingia katika damu kwa sababu mababu zako walikuwa wabaya. Ilibaki kwa sababu iliwaokoa watoto wao na malaria. Pengine wewe upo hai leo kwa sababu bibi ya bibi yako alikuwa AS.

Kwa hivyo naomba mambo matatu.

La kwanza ni kwa wachumba. Makanisa mengi huwataka mpime virusi vya ukimwi kabla ya harusi. Mbona hatuulizi kuhusu sikoseli? Ni kipimo cha damu. Kama mmoja wenu ni AA, hamtapata mtoto wa SS. Kama nyote ni AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Kila mimba, sio mtoto wa nne. Usiseme "tumeshapata mmoja mgonjwa, watatu watakaofuata ni wazima." Hesabu haifanyi kazi hivyo.

Wengine watasema, "Pasta, unataka kuvunja uchumba wa watu." Hapana. Sitakataa kufungisha ndoa ya watu wawili wa AS wanaopendana. Uamuzi ni wao mbele za Mungu. Lakini waamue wakijua, kabla ya kamati ya harusi kukutana na mahari kupelekwa, wasije wakajua wakiwa wodini saa nane usiku.

La pili ni kwa wazazi. Kama ukoo wenu una historia ya sikoseli, mtoto apimwe mapema akiwa mchanga. Dalili huchelewa miezi kadhaa, na bila matibabu wengi wa watoto hawa hufa kabla ya miaka 5. Zipo dawa za kuzuia maambukizi, za kuzuia malaria, na ile inayoitwa haidroksiyurea inayopunguza maumivu. Na ukumbuke jambo hili: AS ndiye mwenye kinga ya malaria. Mtoto wa SS malaria inaweza kumuua upesi, kwa hivyo neti yake isikose.

La tatu ni kwetu watumishi. Tusimwambie mgonjwa atupe dawa ili kuonyesha imani. Hezekia aliomba akilia, Mungu akamsikia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu. Luka alikuwa tabibu, na Paulo akamwita mpendwa. Mimi naamini uponyaji na nitakuwekea mikono wakati wowote. Lakini ukiponywa, maabara itaona. Hadi maabara ione, endelea na dawa.

Kijana uliyeniuliza, usiogope darasa lako la sayansi. Nenda ukasome kwa bidii, pengine wewe ndiye utakayewatibu watoto hawa. Mungu aliyetuumba hakushtuka kwamba damu yetu inabadilika, na anamjua kila mtoto wa SS kwa jina.

Ewe mama unayesoma haya ukiwa umempakata mtoto mwenye maumivu, hujalaaniwa. Bwana akutie nguvu, akupe daktari mwema na jirani mwema. Na wewe baba, rudi nyumbani leo.

Mbarikiwe. Mtumie mchumba, mzazi au mchungaji ujumbe huu.