Kima punju na vidaka vya mnazi

Juma hili tumzungumzie jirani ambaye wengi wetu humpita njiani bila ya kumjali: kima punju wa Unguja, mwenye mgongo mwekundu, uso mweusi, na nywele nyeupe zilizosimama utosini kama za mzee aliyeamshwa ghafla usingizini. Asili yake ni Unguja na kisiwa kidogo cha Uzi; hao walioko Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu katika miaka ya 1970.

Jina lake lenyewe ni tuhuma. Punju ni sumu, na wazee walisimulia kuwa mbwa amlaye hunyonyoka manyoya, na kwamba miti anayoizoea hukauka. Tuhuma nzito zaidi ikawa ya wizi wa nazi. Wakulima wa kandokando ya Jozani walilalamika kuwa anawamalizia minazi, na malalamiko ya mkulima si ya kupuuzwa, kwani mnazi ndio karo ya mwanawe.

Basi watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, wakaingia mashambani kuhesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizoangushwa. Walichokichapisha mwaka 1999 ni hiki: palipoliwa vidaka vingi, mavuno hayakupungua, bali yalielekea kuwa mengi zaidi. Mwenye mnazi anajua kuwa mti huo huzaa vidaka kuliko unavyoweza kuvilea, na vingi hupukutika vyenyewe. Yaelekea kima huwa amepogoa tu.

Hata hivyo, mashambani haji kwa nazi pekee. Hupenda majani ya mwembe na mkungu, ambayo yana vitu vizito kwa tumbo lake. Kisha hutafuta mabaki ya mkaa kwenye matanuri ya zamani na kuyatafuna, nayo hunyonya madhara yale. Mtoto huonekana kujifunza dawa hiyo kwa mama yake.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilipata kima zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa. Ni habari njema, ila watoto wanaofikia utu uzima ni wachache mno, na si kima wote wamo ndani ya Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004. Walio nje huishi kwa hisani ya mwenye shamba, ilhali miti hukatwa kwa kuni, mkaa na viwanja. Ni haki, kwa maoni yangu, mkulima huyo afikiwe na fungu la viingilio vya wageni kwa ukamilifu na kwa wakati.

Kisha kuna barabara ikatayo msitu wa Jozani, ambako wengi waligongwa. Yaliwekwa matuta, vifo vikapungua, lakini havikwisha. Dereva wa daladala akipunguza mwendo mahali pale, abiria tusimhimize.