Mpenzi, nipe mkono niuchore

Mwezi huu sikuletei kisa cha jirani. Nakuletea changu mwenyewe, na kinahusu kibodi ya kompyuta. Usicheke! Soma mpaka mwisho.

Mimi hapa Chake Chake kazi yangu ni kuandika. Kutwa nzima ni mihutasari ya vikao, ripoti na barua, zote kwa Kiswahili, kwenye laptopu ndogo. Mwaka jana mkono wa kushoto ukaanza kuniuma upande wa kidole cha mwisho. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, nauma meno. Nikimbeba mtoto, nambadilisha mkono kila baada ya hatua mbili. Nikamweleza mwenzangu. Akanijibu bila hata kuinua macho kwenye simu yake: "Kwani kuandika nako ni kubeba magunia?"

Shoga, maneno yale yaliniuma kuliko mkono. Siku tatu nikawa namjibu "ndiyo" na "siyo" tu.

Siku ya nne akaja kuketi kando yangu nikiwa kazini, akanitazama bila kusema kitu. Halafu akauliza taratibu: "Mbona mikono yako imepinda hivyo?" Ndipo na mimi nikaitazama. Laptopu ndogo inaikusanya mikono miwili katikati ya kifua, kisha vifundo vinapinda kwenda nje ili vidole vifike kwenye vitufe. Fanya hivyo saa nane kwa siku, mwaka mzima, uone.

Mwenzangu ni mwalimu wa hesabu, basi akaanza kuhesabu. Chukua sentensi "Mama anapika samaki". Ina herufi 17, na kati ya hizo A ni 7! Kiswahili hakina herufi inayotumika kuliko A, na kwenye kibodi ya kawaida tumeibebesha kidole kidogo cha kushoto, kinyonge kuliko vyote. Mpango ule ulianza na Christopher Latham Sholes na wenzake huko Marekani, ambao mashine yao ya kuandikia iliingia sokoni mwaka 1874. Kiswahili hakikuwamo katika hesabu zao. Q na X, ambazo sisi hatuna kazi nazo, zina viti vyao, na A inamtesa mdogo wa mwisho.

Akanionyesha pia kuwa dawa yake si ngeni. Katika miaka ya 1970 huko Uingereza, Lillian Malt na Stephen Hobday walitengeneza kibodi ya Maltron, ambayo vitufe vya kila mkono vimekaa kivyake, na herufi E, inayotumika sana katika Kiingereza, wakaipa kidole gumba. "Basi na sisi," akasema, "tutengeneze yako, iwe vipande viwili, na A tuipe gumba."

Mimi nikacheka. Mtu ambaye hajawahi kushika hata chuma cha mafundi redio cha kuchomea risasi!

Lakini usiku ule akaleta karatasi mbili na penseli. "Mpenzi, nipe mkono niuchore." Akauzungusha penseli kidole kwa kidole. Akagundua kidole changu kidogo ni kifupi mno, na kwamba nina kovu la zamani kwenye kiganja. Tuko ndoani mwaka wa tano, mkono huu ameushika mara ngapi sijui, lakini hakuwahi kuutazama. Akaniuliza tena unauma wapi, safari hii akanisikiliza. Nikamjibu kwa zaidi ya neno moja.

JINSI TULIVYOFANYA

Tulianza na boksi. Tukachora vitufe 42, yaani 21 kila upande: mistari mitatu ya vitufe sita, na vitatu vya gumba. Kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19. Safu ya kidole cha kati tukaipandisha juu, ya kidole kidogo tukaishusha chini. Wiki nzima nikawa naandika juu ya boksi kama mwehu, na mara mbili tukahamisha vitufe vya gumba. Boksi halina gharama, kosea hapo!

Vifaa tuliletewa na shemeji aliyeko Muscat: mabamba mawili yaliyokatwa kwa vipimo vyetu, swichi 42, dayodi 42, na vibao viwili vya Pro Micro, kila kipande na chake. Seremala wa mtaani akatuchongea makasha ya mbao ya mfenesi.

Huhitaji waya 21 kwenda kwenye kibao. Unaunganisha vitufe kwa mistari minne ya kulala na sita ya kusimama, unabaki na nyaya 10 tu. Dayodi ndiyo inayozuia umeme kurudi nyuma na kuibua herufi ambazo hukuzibonyeza. Zote zielekee upande mmoja. Moja ikigeuka, kitufe chake hakiitiki.

Siku ya kujaribu nikaandika "sasa". Ikatoka "dfdf". Nikamtazama, akanitazama. Zamani hapo pangewaka moto! Kumbe alichomea bamba akilitazama kwa nyuma, kushoto kukawa kulia. Hatukubandua hata waya mmoja. Tulipanga upya herufi kwenye QMK, programu ya bure inayoiambia kibodi kila kitufe kinaandika nini, yakaisha. Siku hiyo hiyo A ikahamia gumba la kushoto, nafasi ikabaki gumba la kulia.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Kibodi si dawa. Ukisikia maumivu au ganzi, nenda hospitali kwanza. Mimi daktari aliniambia nipumzishe mkono na niwe nasimama mara kwa mara, na bado nafanya hivyo.

2. Usichomoe waya unaounganisha vipande viwili wakati kibodi imechomekwa kwenye kompyuta. Unaweza kuunguza vibao.

3. Utarudi darasa la kwanza. Wiki mbili za mwanzo niliandika polepole mpaka nikataka kulia. Usianze wakati kazini kuna ripoti ya haraka.

Leo mikono yangu inakaa upana wa mabega, na maumivu yamepungua sana, ingawa siku za kazi nyingi bado yananikumbusha. Na nazi za Jumapili anakuna yeye, bila kuombwa.

Wengi wetu tunapowaambia wenzetu "naumwa", tunajibiwa kwa haraka, au sisi wenyewe ndio tunaojibu hivyo. Sikuandikii ili kila mtu akajenge kibodi. Lakini leo usiku, mwenzio akikwambia kitu kinamuuma, weka simu chini. Mwambie akuonyeshe ni wapi.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.