Nyangumi yuko mbali, korongo-nyangumi yuko Upemba

Dereva anayetoka Lubumbashi na mzigo wa shaba hufika Dar es Salaam akaiona bahari. Wakaaji wengi wa mji huu hawajaiona, na wakisikia nyangumi wanawaza yule samaki mkubwa wa nabii Yona. Lakini huko Watamu, nchini Kenya (Kenya ile ya nchi, si komini ya Kenya hapa mjini), watu wanalipa pesa ili wapande boti na kwenda kumtazama.

Nyangumi si samaki. Anapumua hewa kama mtu, anazaa na kunyonyesha. Nyangumi wa nundu hutoka bahari ya barafu ya kusini, na kuanzia mwezi wa saba mpaka wa tisa hupita pwani ya Kenya, wengine mama na mtoto. Mkubwa anaweza kufikia mita 15, karibu na urefu wa lori lile la shaba. Kinachoonekana kwanza kutoka botini ni pumzi yake, mvuke mweupe unaoruka juu ya maji. Hapo ndipo kazi ya mwongozaji inapoanza: anapunguza moto wa injini, anakaa kando, hamkatii mnyama njia, haingii kati ya mama na mtoto. Kanuni nyingi za dunia zinataka boti ibaki mita 100. Mgeni analipia macho na akili za mwongozaji kuliko boti yenyewe.

Pasipo akili hizo, kazi inaharibika. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wavuvi waliokuwa wakiua pomboo ili wawe chambo cha papa waligeuka kuwa wachukuzi wa watalii. Vizuri. Lakini boti zikawa nyingi, zikawazunguka pomboo na kuwakimbiza, na watafiti wameona wanyama hao wanakosa nafasi ya kupumzika na kula.

Katanga haina bahari, ila ina nyangumi wa aina yake. Korongo-nyangumi ni ndege mkubwa wa kijivu, mwenye mdomo mpana kama kiatu, anayesimama kimya saa nzima kwenye matete akingoja samaki. Wanasayansi walimpa jina la kichwa cha nyangumi. Anaishi kwenye mabwawa ya Upemba, kando ya Lualaba, mahali ambapo hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1939. Anaishi pia Mabamba, Uganda, kando ya ziwa Victoria. Huko wavuvi walimwona kuwa mkosi, wakisema anayekutana naye hapati samaki, na wengine walimuua. Leo wavuvi wa hapo hapo wanawapeleka wageni kwa mtumbwi wakamtazame, na wanalipwa.

Kwa nini isiwe Upemba? Jibu la kwanza linajulikana na kila familia iliyokimbia Mitwaba: bunduki. Walinzi wa hifadhi wameuawa kazini, vijiji vimechomwa. Hakuna mtalii atakayekuja mahali ambapo mwenyeji mwenyewe anaogopa kurudi, na kiongozi anayetangaza utalii kabla ya usalama anawadanganya raia.

Ila usalama ukirudi, watakaokuja mbele na karatasi za kampuni na boti mpya watakuwa watu wa mjini. Hilo ndilo la kupinga kuanzia sasa. Baba aliyevua miaka 20 kwenye maziwa ya Upemba, na leo anabeba magunia sokoni Lubumbashi, anajua matete yanafunga njia mwezi gani, na kiboko analala wapi mchana. Ujuzi huo hauna diploma, kwa hiyo ofisini unahesabiwa kuwa bure. Serikali ya jimbo na wasimamizi wa hifadhi wangeandika majina ya wavuvi waliohama wakati bado wako hai, na kuwapa wao na watoto wao haki ya kwanza ya kuongoza mitumbwi. Mafunzo ya kuongea na wageni yanaweza kufanyika hapa hapa mjini.

Na kila abiria avae jile ya kuokolea. Mwezi wa kumi 2024, boti iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu na Goma, kwenye ziwa Kivu, watu wa bandarini wakitazama.