Maradhi nyumbani, faili Marekani: kibali cha dharura na habari zinazochelewa

Katika familia nyingi za Buyenzi mjini Bujumbura, kama zilivyo za Bukavu, Kigoma au Mombasa, ndugu aliyeko Marekani asipofika mazikoni huhukumiwa mapema. Husemwa kwamba ameisahau asili yake, au kwamba anatuma fedha ili asitume miguu yake. Mara nyingi sababu haimo moyoni mwake bali imo katika faili lake la uhamiaji. Mtu ambaye ombi lake la ukaazi au la hifadhi bado halijajibiwa hawezi kukata tiketi na kuondoka tu. Akitoka bila kibali, huenda akaipoteza haki aliyoisubiri kwa miaka.

Sheria za Marekani zimeacha mlango mdogo kwa ajili ya dharura. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa ushahidi wa maandishi, na ushahidi wenyewe hutoka nyumbani, kwa mgonjwa na kwa daktari wake. Hapo ndipo sheria hiyo inapogongana na desturi iliyoenea katika ukanda huu: kumficha aliye mbali habari za ugonjwa ili asihangaike, kisha kumpigia simu msiba ukishatokea.

Kuondoka ni kuliacha ombi

Maombi ya uhamiaji nchini Marekani hushughulikiwa na idara ya uraia na uhamiaji ijulikanayo kwa kifupi USCIS, iliyo chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Mtu aliyemo nchini humo anayeomba kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa mfano kupitia mwenzi wa ndoa, hujaza fomu nambari I-485. Tangu siku anayoiwasilisha hadi siku ya jibu hupita miezi, na kwa wengine miaka.

Katika kipindi hicho, kanuni ni kali. Mwombaji akivuka mpaka bila kibali cha kurejea alichopewa kabla ya safari, ombi lake huhesabiwa kuwa ameliacha. Wanaosamehewa kanuni hiyo ni wachache, wakiwemo wafanyakazi wenye viza maalumu za kazi za daraja la H-1B na L-1, mradi wanarejea wakiwa na hadhi ileile. Wengine wote wanahitaji kibali, ambacho huombwa kwa fomu nambari I-131.

Uingereza ni kali zaidi kwa upande mmoja. Huko, anayeomba kuongezewa muda wa kuishi nchini akisafiri nje ya eneo linalojumuisha Uingereza, Ireland na visiwa vya jirani kabla ya kujibiwa, ombi lake huchukuliwa kuwa limeondolewa. Kwa hiyo kibali cha Marekani, pamoja na ugumu wake wote, ni nafasi ambayo si kila nchi inaitoa.

Njia ya dharura inavyofanya kazi

Kwa kawaida fomu I-131 nayo husubiri miezi. Msiba hausubiri. Kwa sababu hiyo zipo njia mbili za kuharakisha. Ya kwanza ni kuomba faili ambalo tayari limewasilishwa lishughulikiwe mapema kuliko mengine. Ya pili, kwa jambo la haraka zaidi, ni kupiga simu katika kituo cha huduma cha USCIS na kuomba miadi katika ofisi ya idara hiyo iliyo karibu, ambako afisa anaweza kutoa kibali cha dharura.

Kwenye miadi hiyo mwombaji hufika na fomu iliyojazwa na kutiwa saini, ada, picha za pasipoti, uthibitisho kwamba ombi lake la msingi bado liko mezani, na ushahidi wa dharura yenyewe. Ushahidi unaokubalika ni wa aina ya ripoti ya hospitali au cheti cha kifo. Safari ya mapumziko haihesabiwi kuwa dharura. Uamuzi umo mikononi mwa afisa, naye halazimiki kukubali.

Maneno matupu ya simu hayamsaidii mwombaji. Barua ya hospitali inayosema tu kwamba mgonjwa amelazwa haina uzito sawa na ile inayotaja jina lake kamili, ugonjwa, kiwango cha hatari, tarehe, na jina la daktari pamoja na namna ya kumfikia. Aidha, hati yoyote isiyo ya Kiingereza lazima iambatane na tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe kwa saini kwamba ana ujuzi wa lugha hizo na kwamba tafsiri yake ni sahihi. Kwa Burundi na Kongo, ambako hati za hospitali na za ofisi za kata huandikwa zaidi kwa Kifaransa, hatua hiyo huongeza siku nyingine.

Kuna na suala la majina. Nchini Burundi na Rwanda, mtoto mara nyingi hupewa jina lake mwenyewe, lisilofanana na la baba wala la ndugu zake. Afisa aliyezoea jina moja la ukoo hawezi kuuona undugu kwa kulinganisha hati mbili. Cheti cha kuzaliwa kinachotaja majina ya wazazi ndicho kinachoziba pengo hilo. Vilevile, baba mdogo au shangazi aliyemlea mwombaji tangu utotoni ni mzazi kwa mila za huku, lakini kwa afisa atakuwa ndugu wa mbali kidogo, mpaka malezi hayo yaelezwe kwa maandishi.

Ruhusa ya kubisha hodi

Hata kibali kikitolewa, maana yake hueleweka vibaya. Kibali hicho si viza, wala hakichukui nafasi ya pasipoti. Humwezesha mwenye nacho kupanda ndege ya kurudi na kufika mpakani, ambako afisa mwingine, wa forodha na ulinzi wa mipaka, ndiye anayeamua kama ataingia. Ni ruhusa ya kubisha hodi tena.

Pasipoti iliyokwisha muda nayo ni kikwazo, hasa kwa mtu aliyeikimbia nchi yake na ambaye hangependa kuonekana ubalozini. Njia ya ndege pia huleta masharti yake. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa mfano, hutakiwa kuwa na viza ya kupitia hata katika viwanja vya ndege vya nchi za Schengen, isipokuwa kama ana nyaraka zinazomsamehe. Safari ya kupitia Brussels inaweza kukwama kwa sababu hiyo, ilhali ya kupitia Addis Ababa au Nairobi ingewezekana.

Wapo pia wanaobeba hatari kubwa zaidi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996 inasema kwamba aliyeishi Marekani bila hadhi halali kwa zaidi ya siku 180, akiondoka, anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka mmoja au zaidi kwa miaka 10. Mwaka 2012 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani iliamua, katika kesi ya mume na mke waliokuwa wakiomba ukaazi, kwamba safari iliyofanywa kwa kibali cha namna hii haileti adhabu ile ya miaka 10. Uamuzi huo uliwapa wengi nafuu. Hata hivyo, hauwakingi wenye amri ya kufukuzwa nchini. Mtu mwenye amri hiyo akivuka mpaka, huhesabiwa kuwa ameitekeleza yeye mwenyewe. Ndiyo maana ushauri wa wakili kabla ya safari si anasa.

Fumbo la mwomba hifadhi

Kundi lililo katika hali ngumu kuliko yote ni la waomba hifadhi, na miongoni mwao wamo wengi kutoka Maziwa Makuu. Akiondoka bila kibali, sheria hudhani ameliacha ombi lake. Akiondoka na kibali lakini akarudi katika nchi ile aliyosema inamtishia maisha, dhana ni hiyohiyo, isipokuwa athibitishe kwamba alikuwa na sababu nzito mno za kurudi huko.

Kwa ufupi, sheria humruhusu kwenda karibu kila mahali isipokuwa pale msiba ulipo. Hata aliyekwisha kupewa hifadhi, akasafiri kwa hati ya kusafiria ya wakimbizi inayotokana na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, anaweza kuulizwa maswali mazito akigundulika kuwa alirudi alikotoka. Baadhi ya familia hutafuta njia ya kati kwa kukutana katika nchi ya tatu, pale mgonjwa anapoweza kusafirishwa kwa matibabu. Si kila mgonjwa anayeweza, wala si kila familia yenye uwezo huo.

Mlango wa pili umekuwa mwembamba

Zamani, aliyepoteza ombi lake kwa sababu ya safari angeweza kujaribu upya kwa kuomba viza akiwa nyumbani. Kwa Warundi, njia hiyo imebanwa. Tangazo la rais wa Marekani lililotiwa saini tarehe 4 Juni 2025 na kuanza kutumika tarehe 9 mwezi huo liliiweka Burundi katika orodha ya nchi 7 zenye vizuizi vya sehemu. Lilisimamisha viza za uhamiaji, za utalii na biashara, na za wanafunzi, huku makundi machache yakisamehewa. Kongo iliyotajwa katika orodha ya vizuizi kamili ya tangazo hilo ni ya Brazzaville, si ya Kinshasa, jambo lililowachanganya wengi.

Kwa hiyo hesabu ya leo si ile ya miaka iliyopita. Mrundi anayeondoka bila kibali hapotezi faili tu, anaweza kukosa pia njia ya kuanza upya.

Saa ya mazishi na saa ya ofisi

Yote haya yanarudi kwenye suala la muda. Kwa Waislamu, ambao ni wengi miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili wa Bujumbura, maiti huzikwa upesi, aghalabu siku ileile au inayofuata. Safari ya ndege kutoka Marekani hadi Bujumbura, pamoja na kubadilisha ndege njiani, hukaribia au kuzidi siku nzima. Ongeza siku za kupata miadi, kutafsiri hati na kukata tiketi, na jibu liko wazi: kwa mazishi ya aina hiyo, kibali cha dharura kinachoombwa baada ya kifo karibu kila mara kimechelewa.

Kibali hicho kinaweza kufaa katika kipindi cha kabla, wakati mgonjwa yu hai, ripoti ya daktari inaandikika, na mwana anaweza bado kumshika mzazi mkono. Kipindi hicho ndicho familia nyingi hukipoteza kwa wema. Mama mwenyewe husema mtoto asiambiwe, ana kazi, ataacha mambo yake. Wakubwa wa ukoo huafiki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika jambo hili anayeumbuliwa ni yule aliyefichwa, kwa kuwa lawama za kutofika humwangukia yeye.

Zipo hatua ambazo familia inaweza kuzichukua mapema. Kumweleza ndugu ukweli wa ugonjwa tangu siku za mwanzo ndiyo ya kwanza. Kuomba hospitali barua yenye maelezo kamili, na kuituma kwa simu ikiwa na muhuri na tarehe, ni ya pili. Kuweka tayari vyeti vya kuzaliwa vinavyothibitisha undugu ni ya tatu. Kwa upande wake, mwombaji wa ukaazi anaruhusiwa kuwasilisha fomu I-131 pamoja na ombi lake la msingi, kabla ya dharura yoyote kutokea, ili kibali kiwe kinasogea taratibu wakati nyumbani wote ni wazima. Mwenye wazazi wazee ana sababu ya kutosha ya kufanya hivyo, na ya kuhakikisha pasipoti yake haijaisha muda.

Na pale ambapo sheria imefunga kabisa, kama kwa mwomba hifadhi ambaye msiba uko katika nchi aliyoikimbia, familia ina jambo moja inaloweza kumpa: kuwaeleza waombolezaji, waziwazi na mbele ya wakubwa, kwamba ndugu yao amezuiwa na sheria, na kwamba kutofika kwake si kiburi. Nchini Burundi, ambako sherehe ya kumaliza matanga hufanywa miezi mingi baada ya mazishi, huenda kwa baadhi ya wengine faili likawa limejibiwa kufikia siku hiyo, nao wakafika wakiwa na haki ya kurudi.