Chupa ya Mafuta



Mwaka 2023 nilikaa majuma matatu nyumbani kwa watu nisiowajua, kijiji cha San Juan La Laguna, kando ya ziwa Atitlán, nchi ya Guatemala. Nilikwenda kujifunza Kihispania. Mzee wa miaka 66, chekeni tu!

Wenyeji wangu wao kwa wao husema Kitz'utujil. Kihispania walikipata shuleni, kama sisi Kiingereza. Mahindi huyachemsha kwa chokaa, wakayasaga, kisha wakayapiga viganjani yakawa mikate myembamba. Hiyo niliila kwa raha. Shida ilikuwa maharage, maana yalikaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Siku mbili nilisingizia tumbo (mwalimu mzima, naongopa!) na mama mwenyeji akahuzunika, akidhani mapishi yake yamenichukiza.

Siku ya tatu nikakumbuka chuoni: mafuta ni zayt, na Wahispania walilichukua neno hilo kwa Waarabu, wakasema aceite. Basi nikamweleza kwa vidole na maneno machache: manteca hapana, dini yangu, aceite ndiyo. Alicheka mpaka akakaa chini. Jioni chupa mpya ilikuwa mezani. Nilimwona sokoni akihesabu quetzal moja moja, lakini fedha yangu aliikataa katakata.

Siku ya kuondoka akanitia mkononi chupa ile, imebaki robo. Akasema pale hapana mwingine wa kuyatumia.