Maoni: Rubani mwenye deni atawezaje kukataa kuruka?

Siku moja, saa moja ya jioni, mama mmoja jirani yangu alikuja kubisha hodi akiwa na bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na karatasi za parsela yake, ile ambayo marehemu mume wake alimwachia. Mtoto wake wa kwanza amefaulu egzeta kwa asilimia 72, na katika hesabu na fizikia hakuna aliyemshinda darasani. Anataka kuwa piloti. Wamekwisha kupata shule katika inchi jirani na mnunuzi wa parsela amepatikana. Alibaki na swali moja tu: "Papa, wewe ulifanya kazi kwenye ndege. Niuze?"

Sikuweza kumjibu jioni ile.

Ni kweli nilifanya kazi kwenye ndege, lakini chini, si juu. Kwa miaka sita nilikuwa mpima mizigo wa kampuni moja ndogo, katika moja ya viwanja vya huku mashariki. Sitataja kampuni. Nilikuwa na mizani, daftari na kalamu, basi. Ila kwa kazi ile ndogo nilijifunza jambo moja juu ya marubani ambalo vijana wanaotamani kofia na mabega yenye mistari hawalijui, na wazazi wao hawalijui zaidi.

Kulikuwa na komanda mmoja, mzee mwenye mvi, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja tulipakia chumvi, sabuni, sukari na abiria kwa safari ya kwenda ndani, kwenye pisti ya udongo. Alichukua karatasi yangu, akaisoma, akatazama magunia, akatazama wingu lililokuwa limeanza kushuka mlimani. Akasema gunia 8 zishuke. Mwenye mali akaja mbio, akifoka kwamba amelipia kila kilo. Mkubwa wetu akaja naye, akamwambia komanda kwamba jana mwenzake alipeleka zaidi ya hapo. Mzee hakubishana. Alikwenda kuketi juu ya gunia la chumvi chini ya bawa, akatoa ndizi mfukoni, akaanza kula. Baada ya saa nzima magunia yalishuka na ndege ikaondoka.

Wiki iliyofuata jina lake halikuwa tena kwenye programu. Kiti chake kilichukuliwa na kijana wa kwetu, mwerevu, aliyekuwa amemaliza shule miaka miwili mbele. Nilimpa karatasi yenye uzito ule ule, akatia sahihi bila kuisoma. Ndege ilifika salama, na siku iliyofuata tena, na nyingine. Hapo ndipo hatari ilipo: mara nyingi inafika salama, na kila mtu, mwenye mali, mkubwa, hata mimi na daftari langu, anaanza kuamini kwamba yule mzee alikuwa mwoga.

Baadaye nilipata kuongea na kijana yule. Aliniambia wazi: "Mjomba wangu alikopa ili nisome. Wadogo zangu wawili walisimamishwa shule. Nikikataa leo, kesho wataniambia nibaki nyumbani, na nyumbani ndiko wanakonidai."

Sheria za anga za dunia nzima zinasema kwamba neno la mwisho ndani ya ndege ni la komanda. Si la mwenye kampuni, si la mwenye mali, si la mkubwa wa serikali anayechelewa mkutano. Lakini neno la mwisho la mtu mwenye deni lina uzito gani?

Huku kwetu swali hili si la kitabuni. Mtu wa Shabunda, wa Punia, wa Walikale anajua kwamba barabara yake iko hewani. Kule Kilambo, karibu na Walikale, ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe ili kubeba kasiterite. Tena tuko juu milimani: viwanja vya Goma na Kavumu viko zaidi ya metro 1 500 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, mabawa na injini vinaishika kwa shida, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo gunia moja la ziada hapa si sawa na gunia moja la ziada kule Kinshasa. Goma iliongezewa tabu nyingine mwaka wa 2002, Nyiragongo ilipomwaga moto wake na kufunika sehemu ya pisti.

Birere wanakumbuka bila kuambiwa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka ikapitiliza pisti na kuingia katikati ya maduka na nyumba. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao hawakuwa hata abiria. Mwezi wa Machi 2013 ilianguka Fokker 50. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa inakwenda Beni iliangukia nyumba za watu dakika chache baada ya kuruka, na watu zaidi ya 20 wakafa. Simhukumu rubani hata mmoja kati ya hao. Wengine walikufa wakipambana na mashine, na kila ajali ina sababu zake. Nataka tu tuone kwamba huku jina la rubani tunalisikia siku ya kilio. Jinsi alivyofika kwenye kile kiti hakuna anayeuliza.

Basi tuulize. Ili mtu apate leseni ya kuendesha ndege kwa malipo, kanuni za kimataifa zinamtaka awe na miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 kama amefuata mafunzo kamili katika shule iliyokubaliwa. Kila saa ya ndege ya shule inalipiwa, mafuta ndani. Ukijumlisha na makazi na mitihani, mara nyingi hesabu inapita dola 50 000. Mtu anayepata dola 200 kwa mwezi, hata kama hali na halipi nyumba, angehitaji zaidi ya miaka 20. Juu ya hayo kuna daktari: cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachorudiwa kila mwaka. Kuna familia zimelipa shule kwanza, ndipo zikaambiwa macho ya mtoto hayatofautishi rangi. Halafu Kiingereza. Tangu 2008 rubani wa safari za kimataifa lazima athibitishe angalau daraja la 4, na mtoto wetu aliyesoma kwa Kifaransa toka shule ya msingi anaanza upya.

Na akishamaliza yote? Hapo ndipo shule nyingi hunyamaza. Anarudi nyumbani na saa 200, na makampuni yanataka mwenye 500, mwenye 1 000. Leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu kuwa komanda wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1 500. Atazipata wapi? Kuna makampuni, hata huko Ulaya, ambamo kijana amelipa yeye mwenyewe ili akae kwenye kiti cha kulia. Huku kwetu anakubali lolote: mshahara unaochelewa, ndege iliyochoka, karatasi isiyosomwa. Ninamjua mmoja ambaye hakukubali. Leseni yake ameifunga kwa plastiki, anauza yuniti za simu kando ya barabara na moyo wake uko hewani.

Watu wataniambia: mtoto akiwa na kipaji atafika tu. Mimi naona wale waliofika, na karibu kila mara nyuma yao kuna mtu au kampuni iliyobeba mzigo. Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways, ambaye mwaka wa 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa komanda wa Boeing 787, ni binti wa rubani. Nyumbani kwao kazi hiyo ilikuwa inajulikana, na njia yake ilikuwa inajulikana.

Mfano mwingine utawachoma baadhi ya wasomaji, najua, kwa sababu ya vita na damu iliyo kati yetu na Kigali. Lakini nautoa. Esther Mbabazi, mwanamke wa kwanza wa Rwanda kuwa rubani wa ndege za abiria, alifiwa na baba yake akiwa na miaka 8, katika ajali ya ndege iliyopitiliza pisti hapa, katika inchi yetu. Alianza masomo Soroti, Uganda, kisha kampuni ya ndege ya inchi yake ikamgharamia aendelee Marekani. Ajali ya kwetu ilimfanya yatima, inchi yake ikamfanya rubani. Na mayatima wa Birere, nani amewauliza wanataka kuwa nani?

Soroti si mbali. Chuo kile kilianzishwa mwaka wa 1971 kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya zamani, leo kiko mikononi mwa Uganda, na sisi tumeingia katika Jumuiya mwaka wa 2022. Tuliambiwa kuingia kwetu kutaleta soko. Sijasikia mbunge hata mmoja wa Kivu, Ituri wala Maniema akiuliza ni viti vingapi vya Soroti ambavyo watoto wetu wanaweza kuketi kwa bursi ya serikali.

Tena, tangu Desemba 2024 tuna kampuni mpya, Air Congo, ambayo serikali ina asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49. Ethiopian ina chuo chake pale Addis Ababa, na kinafundisha Waafrika wa inchi nyingi. Huyo si mgeni wa kupigia makofi kiwanjani tu, ni mshirika wa kuandikishana naye: kila mwaka vijana kadhaa wa Kongo, waliochaguliwa kwa mtihani wa wazi katika majimbo yote, wasome kwa gharama ya kampuni na wailipe kwa miaka ya kazi. Hilo pia ni deni, sikatai. Lakini ni deni kwa kampuni inayojua thamani ya ndege yake na jina lake, si kwa mjomba aliyeuza ng'ombe wala kwa mwenye gunia anayefoka chini ya bawa. Na idara ya anga ya serikali imlinde komanda aliyekataa kuruka kwa sababu ya uzito au mvua, aandike sababu zake na asifukuzwe mpaka zimechunguzwa. Tangu 2006 makampuni yetu yote yako kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuruka Ulaya. Tunalalamika kila mwaka, na wale wazee waliokuwa wakisoma karatasi tunawaacha nyumbani.

Kiwanja cha Goma kilifungwa Januari 2025 vita ilipoingia mjini. Watoto wa Birere wameishi miezi mingi bila ile ngurumo juu ya mabati.

Nilirudi kwa yule mama Jumapili, baada ya misa. Nilimwambia asiuze bado. Kwanza ampeleke mtoto kwa daktari anayetambuliwa na idara ya anga, apimwe macho, masikio na moyo. Gharama yake ni ndogo mbele ya parsela. Aanze Kiingereza sasa, jioni, hapa hapa mtaani. Na kabla ya kulipa hata dola moja, aiulize ile shule swali moja kwa maandishi: wanafunzi wenu waliomaliza miaka mitatu iliyopita, wangapi wanaruka leo, na wapi?

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Aliniuliza kama ni kweli komanda anaweza kukataa hata mbele ya jenerali. Nikamwambia ndiyo. Mama yake akaitazama ile bahasha, akairudisha kabatini na kufunga kwa ufunguo. Shule bado haijajibu.