Historia ya mji iliyoandikwa na maboyi, na kazi inayongojea leo Katanga

Mwezi wa pili mwaka wa 2022 waziri mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu karibu 84,000 vya nchi yetu vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren. Mwezi wa sita jino la Patrice Lumumba likarudi nyumbani, likafikishwa hata Shilatembo karibu na Lubumbashi, pale alipouawa tarehe 17 Januari 1961. Mwezi wa saba Ubelgiji ikatoa sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Lakini mwenye kuisoma sheria hiyo mpaka mwisho anakuta kwamba mambo mawili yamewekwa kando: mabaki ya miili ya watu, na karatasi za kumbukumbu.

Neno hilo la karatasi halikupigiwa kelele sana hapa kwetu. Ni mwaka wa 2025 ndipo watu walianza kusikia habari za karatasi za Tervuren, serikali yetu ilipofanya mapatano na kampuni ya Marekani, KoBold Metals, inayotafuta litiumu ya Manono na inayotaka ramani na ripoti za zamani za jiolojia ziingizwe katika kompyuta. Basi karatasi za zamani zina thamani, tena kubwa, zikisema kilicho chini ya ardhi. Zile zinazosema habari za watu walioishi juu ya ardhi hiyo, hatujasikia kampuni hata moja ikizigombania.

Ndugu wasomaji, tunataka kusema juu ya hizo za pili. Kwa sehemu kubwa haziko Tervuren. Ziko katika masanduku ya chuma chini ya vitanda Kenya, Katuba na Kamalondo, katika makabati ya parokia, katika madaftari ya ubatizo yanayoliwa na mchwa, na zaidi ya yote katika vichwa vya wazee. Kinachokosekana ni watu wa mtaa wanaokaa pamoja na kuamua kuziandika. Na jambo hilo si geni Katanga. Limekwisha kufanyika, kwa Kiswahili, na watu ambao hakuna aliyewategemea.

Mwaka wa 1965, miaka miwili baada ya Katanga kurudishwa chini ya serikali ya Kongo na mwaka mmoja kabla Elisabethville haijaitwa Lubumbashi, kilitokea kijitabu kilichopigwa kwa mashine ya kuandikia. Jina lake ni la Kifaransa, «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Maneno ya ndani ni Kiswahili cha mjini. Aliyekikusanya ni André Yav, kwa niaba ya chama cha wazee waliokuwa maboyi: wapishi, wafuaji nguo, watumishi wa nyumba za Wazungu. Hao ndio waliokata shauri kwamba mji wao una historia na kwamba wao ndio wanaoijua. Tukifikiri kidogo tutaona walikuwa na haki. Boyi alikuwapo mezani bwana wake alipokuwa akisema na wageni. Alijua mshahara wake na alijua chupa moja ya divai ya bwana ilinunuliwa kwa bei gani. Mkubwa wa serikali aliandika ripoti ya mambo aliyotaka yajulikane. Boyi aliyaona na yale mengine.

Kijitabu hicho hakikufuata sheria za Kiswahili bora kinachosikika redioni. Maneno yameunganishwa ovyo, nukta hazipo mahali pake, na mtu akikitazama kwa macho tu anaweza kukitupa. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekitoa kwa chapa mwaka wa 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, alihitaji msaada wa Kalundi Mango, Mkongo, aliyekisoma kwa sauti kubwa. Kiliposikika masikioni, kikaeleweka. Kiliandikwa na watu wa kusimulia, kwa ajili ya watu wa kusikiliza. Tunalisema hili kwa sababu kila mara vijana wa parokia wanapotaka kuandika habari za mtaa wao, swali la kwanza ni: tuandike Kifaransa gani? Wazee wa 1965 hawakungoja jibu.

Na kabla yao? Waluba walikuwa na chama cha Mbudye, ambacho kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu ya ufalme. Chombo chao ni lukasa, ubao mdogo wa kushikwa kwa mkono wa kushoto, wenye shanga na alama. Kidole cha mkono wa kuume kinapita juu ya shanga, na mwenye kujua anasimulia safari za wafalme, mipaka ya nchi, mambo ya kukatazwa. Shanga moja haikuwa na maana moja tu. Msomaji aliisoma kwa kadiri ya waliokuwa mbele yake na shauri lililokuwa mezani. Basi tusiseme kwamba vyama vya historia ni desturi ya Ulaya iliyoletwa na pasta au profesa.

Hapa habari inawagusa Waprotestanti kwa pande mbili. Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya, kwa Msiri, mwaka wa 1886, miaka mitano kabla Msiri hajauawa na watu wa msafara wa Stairs. William Burton alifika Mwanza, katika nchi ya Waluba, mwaka wa 1915. Katika misioni nyingi mwongofu alitakiwa kutoa sanamu na vitu vya babu zake, na vingi viliingia motoni. Lakini Burton huyohuyo alikusanya vitu vya Waluba, akapiga picha, akaandika desturi na dini yao katika kitabu kikubwa kilichochapishwa na makumbusho ya Tervuren mwaka wa 1961. Vitu alivyokusanya viko leo Johannesburg, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Mjukuu wa aliyevitoa anayekaa Malemba-Nkulu au Kabongo hana njia ya kuviona. Tunapoishitaki Tervuren, tukumbuke kwamba misioni nazo zina makabati yao huko ng'ambo: barua, picha, shajara za kila siku, majina ya walimu wa kwanza wa vijiji. Jumuiya za Kanisa la Kristo katika Kongo, ambazo zingali zinaandikiana na misioni hizo kila mwaka juu ya fedha na wageni, zinaweza kuomba nakala bila kungoja sheria ya bunge lolote.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Katika Katanga historia ya mahali haikuwa kamwe mchezo wa wastaafu. Mwaka wa 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa mamia ya maelfu, hasa Likasi na Kolwezi. Familia zilikaa kwenye vituo vya gari la moshi, zikingoja behewa la kuwapeleka katika nchi ambayo wengi wao hawajaiona. Na silaha iliyotangulia mapanga ilikuwa historia: nani alifika kwanza, nani aliletwa na Union Minière, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mtu aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi, baba yake amezikwa pale, akaambiwa kwamba habari zake hazianzii hapo.

Ndiyo maana tunaona kazi iliyoanzishwa Lubumbashi mwaka wa 2000 kuwa mfano mzuri kuliko wote tunaoujua. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu akiwa mmoja wao, pamoja na Bogumil Jewsiewicki, walianza mpango ulioitwa «Mémoires de Lubumbashi». Maonyesho ya kwanza yaliitwa kwa neno letu wenyewe, Ukumbusho. Hawakuanza na wafalme. Walianza na vitu vya nyumbani, picha na maneno ya wakaaji wa mji. Baadaye wakaendelea na wanawake, mavazi na muziki. Ujanja wa njia hiyo ni huu: ukiwauliza watu asili yao, wanagawanyika mbele yako. Ukiwauliza juu ya sufuria ya kwanza waliyonunua kwa posho, au nguo ya arusi, au picha iliyopigwa studio siku ya Noeli, Mluba wa Kasai na Mbemba na Mlunda wanaanza kusahihishana kama ndugu wa nyumba moja. Haikufuta yaliyotokea, lakini iliwapa watu mahali pa kusema «sisi wa mji huu» wakati neno «sisi» lilikuwa limeharibika.

Hatari imerudi kwa njia nyingine, na wanaotaka kuanzisha vyama vya historia leo waifahamu. Mwaka wa 2015 Katanga iligawanyika kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwaka wa 2018 sheria ya migodi ilirekebishwa: asilimia 15 ya ushuru wa madini inakwenda kwa komini, sekta au usultani ambamo mgodi umo, na kampuni inapaswa kuweka angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Ni jambo jema. Lakini tangu hapo mpaka wa usultani ni fedha, na ukoo wa sultani ni fedha. Kijana anayekuja na daftari kumwuliza mzee «babu zetu walifika mto huu lini?» anauliza swali lenye thamani ya dola, hata kama hajui. Mzee anajua vizuri sana.

Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba kampuni imejitolea kulipia kitabu cha historia ya mahali fulani, sisi tunauliza kwanza: katika kitabu hicho, nani amepewa sura nzima na nani amepewa mstari mmoja? Chama cha historia kinachokula mkono wa mgodi, au wa mbunge anayetafuta kura, kitaandika kilichoagizwa. Heri daftari la shule na simu ya mkononi yenye kinasa sauti. Heri pia kuweka simulizi mbili zinazopingana, kila moja na jina la msimulizi na tarehe, kuliko kutengeneza moja safi inayompendeza mkubwa. Maaskofu wa Kikatoliki walipoita kongamano la umoja na upatanisho wa Wakatanga huko Lubumbashi mwezi wa tano 2022, walikiri kwa tendo hilo kwamba majeraha hayajafungwa. Mazungumzo ya siku chache katika ukumbi yana kazi yake, ila hayawezi kuchukua mahali pa kusikiliza mtaa kwa mtaa, kwa miaka.

Kuna na mambo madogo ambayo yakisahauliwa yanaharibu kazi yote. Mwaka wa 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Mtu mmoja anaweza kuwa Joseph katika daftari la ubatizo, kuwa na jina jingine katika kadi ya kazi ya Gécamines, na la tatu mdomoni mwa majirani. Asiyejua hilo atamhesabu kuwa watu watatu. Tena kila sauti iliyorekodiwa iwe na nakala tatu: moja kwa familia, moja parokiani, moja chuoni. Parokia inaungua, chuo kinafunga milango, familia inahama. Goma ilionyesha mwaka wa 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, na ikaonyesha tena kwa vita vya 2025, kwamba karatasi iliyo mahali pamoja tu ni karatasi inayongojea kupotea. Na mzee aulizwe kabla, si baada, kama anakubali maneno yake yasikike na watu wote au na watoto wake tu.

Wakati si mwingi. Aliyeandikwa kazi Union Minière akiwa na miaka 20 mwaka wa 1966, kabla kampuni haijatwaliwa na serikali na kuwa baadaye Gécamines, leo amefika miaka 80. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 walioachishwa Gécamines mwaka wa 2003 kwa ule mpango ulioitwa «kuondoka kwa hiari» nao wanazeeka, na wengi walitawanyika mashambani. Dibwe alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya wafanyakazi wa migodi na familia zao akiwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni.

Hata hivyo kijitabu cha 1965 kina upungufu mmoja ulio wazi: ni habari za wanaume. Maboyi walikuwa wanaume, wachimbaji walikuwa wanaume, na walioulizwa mara nyingi walikuwa wanaume. Katika kambi za Union Minière ni mke aliyepanga foleni ya posho, aliyejifunza kushona katika «foyer social», aliyejua ni nyumba ipi ilikosa unga kabla ya mwisho wa wiki na nani alificha jirani Mkasai chumbani mwaka wa 1992. Mama hao wako hai, wengi wanakaa benchi la mbele kila Jumapili, na ushirika wa wanawake unajua nyumba zao zote. Kikundi kinachotafuta pa kuanzia kianzie kwao, wiki hii.